Maji Ndani ya Motokaa: Zibua Mifereji Kabla ya Kuziba Matundu

Mkulima akiona maji yamesimama katika shamba lake la viazi, hachukui turubai akaenda kuufunika mlima. Huchukua jembe akaenda kuangalia mtaro, maana ajua kwamba maji yamekosa pa kutokea. Lakini mkulima huyo huyo akikuta maji sakafuni mwa motokaa yake, humwita fundi aje na gundi ya kuziba. Nasema hivi bila kumcheka mtu, kwa sababu hata mimi nilifanya hivyo, tena mara mbili, na pesa nilizolipa zingeninunulia mifuko minne ya mbolea.

Wazee wetu walipopewa mashamba hapa Kinangop, katika ule Mpango wa Ekari Milioni Moja ulioanza mwaka 1962, maziwa yalikwenda kwa punda, na viazi vilingoja lori. Siku hizi katika skimu zetu kuna motokaa ndogo nyingi, na nyingi kati yake zililetwa kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika. Asubuhi motokaa hubeba mitungi ya maziwa, mchana mbolea au chakula cha ng'ombe, jioni watoto wa shule. Hulala nje, kando ya ua wa misaiprasi, ile miti ambayo wengi wetu huiita miti ya krismasi. Hapo kando ya ua ndipo taabu yenyewe inapoanzia.

Motokaa yangu ni Probox. Mvua za mwezi wa nne zilipokaza, nilikuta zulia limelowa upande wa kushoto, pale abiria anapoweka miguu. Nilidhani ni mtoto aliyemwaga maji. Kesho yake likalowa tena. Fundi mmoja mjini akaangalia, akatikisa kichwa, akasema mpira wa kioo cha mbele umechoka. Akapaka silikoni kukizunguka kioo chote. Mvua iliyofuata, maji yakaingia vile vile. Nikamrudia, akapaka tena, safari hii na juu ya mpira wa mlango. Maji hayakusikia habari ya silikoni.

Nikazoea. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote. Nilikuwa nikitandika gunia kavu juu ya zulia na kuendelea na safari. Baada ya majuma machache motokaa ikaanza kunuka kama ghala la viazi vilivyooza, na kila asubuhi vioo vilikuwa na ukungu kwa ndani. Mtoto wangu mdogo ana pumu. Nikaona anakohoa zaidi kila tunapompeleka shule, lakini nikasema ni baridi ya huku kwetu.

Usiku mmoja mwezi wa tano akazidiwa. Tukamfunga blanketi, tukamtia katika motokaa, nikazungusha ufunguo. Taa ziliwaka na kuzima, zikawaka tena, lakini injini haikuguna hata kidogo. Jirani mwenye pikapu alitoka kitandani akatupeleka hospitali, na mtoto akapata dawa kwa wakati. Fundi wa umeme alipokuja siku ya pili aliinua zulia, akanionyesha. Chini yake maji yalikuwa yamesimama, na katika maungio ya nyaya mlikuwa na kutu ya kijani kama ile unayoiona kwenye kichwa cha betri kuukuu. Akasafisha, injini ikawaka. "Lakini sijaponya kitu," akasema, "maana sijui maji yanatoka wapi."

Aliyejua ni mama yangu, ambaye hajapata kushika usukani maisha yake. Alikuja nyumbani na kukuta nimefungua boneti. Akainama, akatia kidole katika kile kifuniko cha plastiki kilicho chini ya waipa, yaani ile mikono ya kupangusa kioo. Kidole kikatoka na udongo mweusi. "Mwanangu," akasema, "hii ni mboji. Maji haya yamekosa pa kwenda. Mbona hamzibui mtaro?"

Tulipokiondoa kile kifuniko tulikuta kihori kizima kimejaa majani madogo ya saiprasi, vumbi la barabarani na maganda ya mbegu, vyote vimeoza pamoja. Katika pembe moja nyasi zilikuwa zimeota.

Yafaa kila mwenye motokaa aelewe jinsi ilivyotengenezwa. Watu wengi hufikiri motokaa ni kama chupa iliyofungwa kizibo, na maji yakiingia, basi pana ufa. Sivyo. Waliotengeneza motokaa walijua kwamba maji yataingia sehemu fulani fulani, na hawakujaribu kuyazuia yote. Badala yake waliyawekea njia ya kupita na tundu la kutokea. Chini ya kioo cha mbele mna kihori cha bati kinachokwenda kutoka upande mmoja hadi mwingine. Maji yote yanayoteremka kiooni huanguka humo, yakagawanyika kulia na kushoto, yakashuka kwa tundu au kijibomba nyuma ya gurudumu la mbele, na kumwagika chini. Mifereji hiyo ikiwa wazi, mwenye motokaa hatajua hata siku moja kwamba ipo.

Maji hayo si machache. Ninyi mnaopima mvua kwa kipimo mwajua kwamba milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kioo cha mbele cha motokaa ndogo kina karibu mita moja ya mraba. Basi mvua ya milimita 30 kwa usiku mmoja ni kama lita 30, yaani debe moja na nusu, bila kuhesabu yale yanayotoka paani na juu ya boneti. Debe moja na nusu likikuta tundu limezibwa, litapanda.

Likipanda, huenda wapi? Katika kihori kile kile mna tundu kubwa ambalo feni huvutia hewa safi ya kupuliza ndani. Katika motokaa nyingi za Japani zenye usukani upande wa kulia, tundu hilo liko upande wa kushoto, na limeinuliwa kidogo juu ya sakafu ya kihori ili maji yasilifikie. Maji yakipanda kupita ukingo wake hutumbukia katika feni, yakashuka nyuma ya dashibodi, na kufika miguuni pa abiria. Kwa hiyo zulia la kushoto hulowa na la kulia huwa kavu. Kwa hiyo pia fundi wangu angeweza kupaka silikoni mpaka leo bila kuzuia tone moja.

Kabla ya kufungua kitu chochote, hakikisha kwanza kwamba maji unayoyaona ni ya mvua. Ikiwa sakafu hulowa siku za jua unapotumia kipoza hewa, na maji ni safi, yawezekana ni kijibomba cha kipoza hewa kilichoziba; hicho nacho kina tundu lake chini ya motokaa. Na ikiwa maji ni ya rangi, yanateleza kidoleni na kunuka utamu utamu, hayo yatoka katika mashine ya kupasha joto ndani ya motokaa, ambayo hupata maji yake kutoka kwa injini. Usiyaonje, maana yana sumu. Mpelekee fundi upesi, kwa sababu injini inapungukiwa na maji yake.

Ikiwa ni ya mvua, ngoja siku kavu. Tandika magazeti makavu sakafuni pande zote, mbele na nyuma, na chini ya gurudumu la akiba pia. Mtu mmoja aketi ndani na tochi. Wewe chukua kopo la kumwagilia miche, lile lenye matundu mdomoni, uanze chini na kupanda juu: kwanza milango, kisha kioo, mwisho paa. Mwagilia mahali pamoja kwa dakika kadhaa kabla ya kuhamia pengine. Ukianza na paa, maji yatateremka kila mahali na hutajua lililoingiza ni lipi. Gazeti la kwanza kulowa litakuonyesha upande wa kutafuta, ingawa maji huweza kutembea chini ya zulia; ukiegesha motokaa imeinamia nyuma, maji ya mbele huja kuonekana nyuma. Basi ifanye kazi hii mahali tambarare.

Sasa kazi ya kihori. Inua boneti. Katika motokaa nyingine utaona mdomo wa mfereji mara moja, katika pembe za kulia na kushoto, nawe waweza kutoa uchafu kwa mkono. Katika nyingine hapana budi kuondoa waipa na kile kifuniko cha plastiki. Kabla ya kufungua nati za waipa, weka alama kiooni kwa kipande cha sabuni mahali kila mmoja unapolala, ili uzirudishe vile vile. Plastiki ya motokaa ya miaka mingi hukauka na kuvunjika kwa urahisi asubuhi ya baridi. Ngoja jua liipashe. Klipu zake zitie katika bakuli. Nimetafuta klipu moja nyasini kwa muda wa saa nzima, na hatimaye niliipata chini ya kuku.

Toa uchafu kwa mkono na kijiko, usiusukume shimoni. Hapa ndipo watu wengi huharibu. Wakiona tundu limeziba huchukua mpira wa maji wenye nguvu na kuuelekeza humo, na udongo wote hushindiliwa ndani ya mfereji kama kizibo. Kwanza toa kilicho kikavu, kisha pangusa, ndipo umwage maji kidogo kidogo. Mimina kikombe kimoja kwenye pembe ya kulia, na mwenzio aangalie nyuma ya gurudumu la mbele. Yafaa maji yashuke mara moja. Yakidondoka tone tone, bado. Chukua uzi mnene wa nailoni, kama ule wa mashine ya kukatia nyasi, uviringe ncha yake kwa moto ili isikwaruze, uupitishe taratibu ukizungusha. Waya mgumu usiutumie, maana hukwaruza rangi na kualika kutu, au hutoboa kijibomba. Halafu fanya vivyo hivyo upande wa kushoto, lakini uwe mwangalifu usimimine katika lile tundu la feni.

Katika motokaa nyingine mwisho wa mfereji una kipande cha mpira chenye mdomo mwembamba kama wa bata. Mdomo huo hushikana kwa matope ya barabara zetu. Uminye kwa vidole mpaka ufunguke.

Pia angalia nyuma ya kile kijisanduku cha mbele ya abiria. Nyuma yake katika motokaa nyingi mna chujio la hewa. Ukilikuta limelowa au lina doa la maji na ukungu, basi umepata ushahidi kwamba maji yalipitia kwenye feni. Litupe, uweke jipya. Wengi hawajui kwamba chujio hilo lipo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Langu lilikuwa na manyoya ya panya.

Milango nayo ina siri yake. Maji hupita kila siku kati ya kioo cha dirisha na mpira wake wa nje, yakaingia ndani ya mlango. Hili si kosa. Chini kabisa mwa mlango mna matundu madogo ya kuyatoa. Yakiziba kwa vumbi, mlango hujaa kama mtungi. Ukifunga mlango na kusikia maji yakicheza ndani, usingoje: piga goti, tafuta matundu hayo kwa kidole kwenye ukingo wa chini, uyazibue kwa kijiti cha mti. Mlango mmoja waweza kukumwagia maji mengi miguuni. Mlango ulioachwa hivyo huoza kuanzia chini, na wakati rangi inapofura kwa nje, bati limekwisha kuliwa kwa ndani. Matundu kama hayo yapo pia chini ya kizingiti cha milango, na hapo nina neno na wale wanaopaka lami nyeusi chini ya motokaa ili kuzuia kutu. Lami ni nzuri, lakini ikipakwa juu ya matundu ya kutolea maji hufunga maji ndani, na kutu huwa kubwa kuliko ile uliyoikimbia. Mwambie fundi aache matundu wazi, kisha ukaangalie mwenyewe.

Wenye motokaa zilizo na dirisha la paani wasishangae kusikia kwamba dirisha hilo halizuii maji yote. Linalizunguka sinia dogo, na kutoka katika pembe zake hushuka vijibomba vyembamba ndani ya nguzo za mbele na za nyuma. Vikiziba, maji hutokea kwenye kitambaa cha dari au karibu na taa ya ndani. Hapa tumia ule uzi wa nailoni peke yake, kwa upole. Usimpelekee mtu wa kujaza magurudumu akavipuliza kwa mashine yake, maana upepo ule huweza kukichomoa kijibomba ndani ya nguzo. Tangu hapo kila mvua itanyesha ndani ya dari, na kukirudisha hapana budi kung'oa dari yote.

Baada ya kuzibua, bado hujamaliza, kwa sababu zulia la motokaa si kama mkeka. Chini yake mna sponji nene ambayo hushika maji kwa majuma mengi hata kama juu pamekauka. Hapana budi kuliinua. Kwanza ondoa waya wa betri wenye alama ya kutoa, ungoje dakika kadhaa, kwa sababu motokaa za siku hizi zina mifuko ya hewa ya kukinga ajali, na nyaya zake nyingine hupita chini ya viti. Fungua bolti za kiti, inua zulia, uiegeshe sponji kwenye kijiti ili upepo upite. Kamua, pangusa, na acha milango wazi juani kwa siku mbili au tatu. Maungio ya nyaya yenye kutu ya kijani mwachie fundi wa umeme.

Nimesikia mtu akimshauri mwenziwe atie jiko la makaa ndani ya motokaa na kufunga milango ili ikauke upesi wakati wa baridi. Usifanye hivyo kamwe. Moshi wa makaa usioonekana humwua mtu akiwa ameketi, bila yeye kuhisi harufu wala maumivu, na watoto hupenda kuingia mahali penye joto.

Liko jambo jingine linalowahusu wenye ng'ombe wa maziwa. Gunia la chakula cha ng'ombe likilala usiku mmoja juu ya zulia lililolowa hunyonya maji kwa chini. Juu hulioni lolote. Baada ya siku chache chini huwa na ukungu, na katika ukungu wa namna hiyo mwaweza kuwa na sumu kuvu, ile iitwayo aflatoksini. Ng'ombe akila chakula chenye sumu hiyo, sehemu yake hupita katika maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Maziwa hayo huenda katika kituo cha ushirika, na hunywewa na watoto wako mwenyewe kwanza. Basi gunia lililolowa chini usilichanganye na mengine, wala usikate sehemu mbaya ukawalisha ng'ombe iliyobaki. Mbolea nayo ikimwagika katika zulia lenye maji huwa chumvi inayokula bati usiku na mchana. Ifagie siku hiyo hiyo.

Kazi yote ya kihori ilinichukua asubuhi moja. Siku hizi huirudia kabla ya mvua za mwezi wa tatu na tena kabla ya zile za mwezi wa kumi, na kila nikienda kituoni na maziwa hupitisha mkono chini ya waipa kuondoa majani mapya. Motokaa nimeihamisha kutoka kando ya ua wa saiprasi, sasa hulala mahali palipokuwa banda la punda wa baba. Silikoni ya yule fundi ningali naikwangua kiooni.

Kwa wale wanaotaka kununua motokaa iliyotumika, mjini au kwa jirani, fanyeni ukaguzi huu kabla ya kutoa pesa. Funga vioo vyote kwa muda juani, kisha fungua mlango uvute pumzi. Bonyeza zulia kwa nguvu katika pembe zote nne. Inua gurudumu la akiba uangalie kama pana maji, mchanga au mstari wa kutu chini yake. Fungua boneti utazame kihori. Na mwenye kuuza akikataa usiinue zulia lake, mshukuru, uende ukatazame nyingine.